Koko Ataishi kwa Nani?

Wamama wenzangu, nianze na daftari langu la mahudhurio. Darasani kwangu kuna binti wa mwaka wa 6 anayejua hesabu kuliko wavulana wote wanaokaa nyuma yake. Kwa wiki mbili nimekuwa nikiandika kwamba hayupo. Siku ya soko nilimkuta mama yake mbele ya meza ya ndagala, nikamwuliza kama mtoto anaumwa. Akatazama chini.

"Haumwi, mwalimu. Yuko kwa koko yake. Koko hawezi tena kuamka peke yake, na mimi nina mtoto mgongoni na shamba la mpunga. Nimtume nani mwingine?"

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini maneno yalinikwama kooni. Nyumbani kwetu tulifanya hivyo hivyo, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokubali.

Jumamosi iliyofuata, katika mkutano wetu, jambo hili lilitoka mara tatu bila kupangwa. Mama mmoja ana mama aliyepofuka na bado anaishi peke yake kando ya shamba. Mwingine amepigiwa simu kutoka Bujumbura, anaambiwa aje kumchukua shangazi yake kwa sababu nyumba imejaa. Wa tatu ana baba mkwe anayesahau njia ya kurudi nyumbani. Mwishoni mliniomba niandike. Mimi si mganga wala mtu wa sheria. Ninaandika kama mwalimu, na kama mke katika jamaa iliyokosea mara mbili kabla ya kupata njia.

Mama mkwe wangu anakaribia miaka 80. Hana cheti cha kuzaliwa. Tunahesabu kwa vita: wakati wa Mulele, mwaka 1964, alikuwa ameolewa karibuni, akakimbia na godoro kichwani. Mzee wake alipofariki, aliendelea kuishi katika lupango lao hapa Luberizi, na mabata yake, na mistari michache ya lengalenga na muhogo. Asubuhi moja ya mvua aliteleza akienda chooni, mkono ukavunjika. Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikienda kwake saa kumi na moja ya alfajiri, kumwosha na kumpikia uji, kisha kukimbia shuleni.

Jamaa ikaita kikao. Mlamu wangu mkubwa alikuja kutoka Uvira, dada yao alitoka Luvungi, na yule mdogo alikuwa kwenye simu kutoka Lubumbashi, simu inakatika kila baada ya dakika tano. Tulizungumza saa tatu nzima. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka miguu imenyooshwa, anachambua maharagi kwa mkono mmoja, anasikiliza. Hakuna aliyemwuliza neno. Tulitafuta nani ana nyumba nzuri, na jibu likawa rahisi: mkubwa, kule Uvira, ana nyumba ya simenti, bomba uani, na hospitali kubwa si mbali.

Mimi nilisema ndiyo kabla hajamaliza kueleza. Nilisema kule kuna waganga wazuri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na niliona aibu kusema nimechoka.

Mama akaenda Uvira. Akapewa chumba chake, kitanda na shuka mpya. Lakini nyumba ile inabaki tupu kuanzia alfajiri. Mke wa mlamu wangu anauza ndagala, anatoka gizani kwenda kungoja mitumbwi. Watoto wanaenda masomo. Anabaki kijana wa kazi, ambaye anafunga geti na kuwasha redio. Dirisha la mama lilitazama ukuta wa jirani. Wajukuu wanasema Kiswahili na Kifaransa, yeye anapenda kuzungumza Kifuliiru, basi wanasalimiana na mazungumzo yanaishia hapo. Choo kilikuwa nje, upande wa pili wa uwanja, na usiku aliogopa kuanguka tena. Kwa hiyo aliacha kunywa maji kuanzia saa tisa ya mchana ili asiamke usiku. Hilo alilisema baadaye sana. Mzee asiyekunywa maji katika joto la ziwa letu huanza kuchanganya maneno, anakuwa mlegevu, anachukia chakula. Watu wa nyumba walisema, ni uzee.

Siku moja geti lilikuwa wazi. Alikutwa Kavimvira, miguu mitupu, akiuliza watu wa pikipiki njia ya Luberizi. Mmoja wao akamtambua kwa jina la mzee wake, akatupigia simu. Nilipofika nikamwogesha, nikaona kidonda kwenye nyonga, kikubwa kama kifuniko cha kopo. Kidonda cha kulala upande mmoja.

Nataka hili lieleweke: mke wa mlamu wangu si mtu mbaya. Alimpokea mama kwa heshima, alimnunulia nguo. Sisi tulimpa kazi ya kutwa mtu ambaye kutwa hayupo, na hatukumwuliza hata yeye. Kikaoni aliyeitikia alikuwa bwana yake.

Tangu hapo, nikisikia jamaa inajadili koko apelekwe wapi, sitaki tena kusikia habari za simenti na mabati kwanza. Nauliza: saa nne ya asubuhi nani yuko nyumbani? Saa nane ya usiku nani anasikia akiita? Na nani atamwogesha? Hili la mwisho ndilo watu wanaliruka kwa haya. Kwetu mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake, na mume wa binti haingii hata kwenye chumba cha mama mkwe wake. Kwa hiyo tukisema "ataishi kwa mwana fulani", tunasema kwa kweli "mke wa fulani atamwogesha", na mke wa fulani mara nyingi hayuko kikaoni, au yuko jikoni anawapikia wanaoamua. Mwiteni akae. Aseme anachoweza na asichoweza. Akisema hawezi, afadhali mlisikie siku ile kuliko kuliona baadaye kwenye nyonga ya mama.

Kisha angalieni njia ya choo, maana huko ndiko wazee wengi wanaanguka. Hesabuni hatua. Kuna kitu cha kushika? Kuna taa? Kama choo ni mbali, ndoo yenye mfuniko kando ya kitanda si aibu, na wengine wakate matundu kwenye kiti cha mbao kiwekwe juu ya ndoo. Angalieni chandarua, kwa sababu mbu wa bonde hili la Ruzizi mnawajua. Angalieni maji ya kunywa yanatoka wapi: kipindupindu ni mgeni wa kila mara Uvira na katika bonde, na mzee hukauka upesi kuliko kijana. Kama anameza dawa za tansio au za sukari, mtu mmoja awe na kazi ya kujua zinaisha lini, kwa sababu vidonge vya tansio humezwa kila siku, hata siku kichwa hakiumi. Nimeona wengi wanaacha wakipata nafuu. Na kama macho yamefunga weupe, msiseme tu ni uzee. Ukungu ule wa ndani ya jicho waganga wa macho wanaweza kuuondoa kwa upasuaji, na mzee aliyekuwa wa kushikwa mkono anaweza kurudi kujipikia mwenyewe. Kabla ya kumhamisha mtu kwa sababu haoni, mpelekeni kwanza apimwe.

Kuna swali lingine ambalo vitabu vya nchi za amani haviliulizi. Siku ya kukimbia, nani atambeba? Mwezi wa 2 mwaka 2025, watu wetu wengi walipovuka Ruzizi kwenda Burundi na uwanja wa Rugombo ukajaa, tuliona wazee migongoni mwa watoto wao, wengine wakisukumwa juu ya baiskeli. Tunajua pia nyumba ambazo koko alibaki, na sufuria ya chakula karibu na mkeka. Sitawahukumu waliomwacha. Walikuwa na watoto wanne na mikono miwili. Lakini jamaa inayokaa kuchagua mahali pa mzee ni vizuri itaje jina la mtu mmoja mwenye nguvu anayeishi karibu, na yeye mwenyewe asikie amewekewa kazi hiyo. Na mji si kimbilio la hakika. Mafuriko ya mwezi wa 4 mwaka 2020 yalibomoa nyumba nyingi za Uvira, na mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda likaingia kwenye lupango za watu. Nyumba nzuri iliyo mtoni au ufukweni si nyumba ya kumweka mtu asiyeweza kukimbia.

Sasa nirudi kwa kosa letu la pili, ambalo kwangu ndilo lililouma zaidi.

Mama tulimrudisha Luberizi, katika nyumba yake. Kidonda tulikiosha, tukamgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, mpaka kikafunga. Kama kwenu kuna anayelala kitandani, kagueni kila siku visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Ngozi ikiwa na wekundu au weusi usioondoka ukibonyeza, kidonda kiko njiani. Mgeuzeni, na mahali hapo pasiguse kitanda. Baada ya kupona, swali lilirudi: nani atakaa naye? Safari hii hatukuita kikao. Mlamu wangu wa Luvungi alikuwa na binti wa miaka 12. Akasema, "Chukueni mtoto, atalala kwa koko yake na kumtekea maji, atasoma hapo hapo Luberizi." Kila mtu akafurahi. Hakuna aliyetoa hata franka.

Ninyi mnajua jinsi inavyoendelea. Mwezi wa kwanza mtoto alikuja masomo kila siku. Mwezi wa pili alichelewa, kwa sababu koko hawezi kuachwa kabla ya uji. Mwezi wa tatu alikuja mara mbili kwa wiki. Mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi ulimpita. Mimi ni shangazi yake na mwalimu katika shule ile ile, na niliona kila siku jinsi kiti chake kilivyo kitupu. Leo ana miaka 14 na anakaa na watoto wadogo kuliko yeye, akiweka mkono mbele ya daftari lake nikipita.

Tangu mwaka 2019 serikali ilipoondoa malipo ya shule ya msingi, madarasa yamejaa kweli. Lakini mtoto hazuiwi na malipo peke yake. Mara nyingi msichana aliyetolewa masomo hakutolewa na mtu yeyote. Alitumwa tu kwa koko yake, siku moja, kisha nyingine. Hakuna baba aliyetamka "acha masomo". Na sijaona katika miaka yangu ya ualimu mvulana aliyekosa mwaka mzima kwa sababu hiyo, ingawa mvulana wa miaka 15 ana nguvu za kubeba maji na kumwinua mtu kuliko dada yake wa miaka 11. Mtoto kulala kwa koko ni desturi nzuri, nami nililelewa hivyo, kwa hadithi na mahindi ya kuchoma. Ila siku hizo koko ndiye aliyenilea mimi. Koko anapohitaji kugeuzwa na kuogeshwa, hiyo si kazi ya mtoto, ni kazi ya mtu mzima, na kazi ya mtu mzima ina malipo yake.

Wengine wenu mliuliza kuhusu nyumba za wazee. Hapa Luberizi hatuna. Watu wakizitaja wanazitaja kama laana, "wazungu wanatupa wazazi wao", lakini nafikiri tunazihukumu bila kuzijua. Masista wanaoitwa Masista Wadogo wa Maskini walianza kazi yao Ufaransa mwaka 1839, wakati mwanamke mmoja mfanyakazi wa ndani, Jeanne Jugan, alipompokea mwanamke mzee kipofu katika chumba chake na kumpa kitanda alichokuwa analalia mwenyewe. Hadi leo wanatunza wazee maskini katika nchi nyingi, na Nairobi wana nyumba yao inayoitwa Nyumba ya Wazee. Zanzibar, serikali ina makazi ya wazee Sebleni na Welezo, kwa wasio na mtu wa kuwatunza. Na Zanzibar walifanya jambo lingine linalonigusa zaidi: kuanzia mwezi wa 4 mwaka 2016, kila mzee mwenye miaka 70 au zaidi alianza kupewa shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alifanya kazi ya ofisi au alilima maisha yake yote. Si fedha nyingi. Lakini koko mwenye chochote mkononi hata wajukuu wanamsikiliza tofauti. Kenya na Uganda pia zina malipo ya namna hiyo kwa wazee wao.

Kwetu, Katiba ya 2006 inasema katika kifungu cha 49 kwamba mtu wa umri mkubwa ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na kifungu cha 40 kinasema watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Sheria ya Jamaa ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, nayo inadai watoto wawape riziki wazazi wenye kuhitaji. Sheria inasema watoto. Haisemi mtoto anayeishi karibu, wala haisemi mke wa mtoto. Yule aliye Lubumbashi na yule aliye Kanada wamo ndani yake. Nilipolisoma hilo kwa sauti katika kikao chetu cha pili, simu ya Lubumbashi ilinyamaza kidogo, na safari hii haikuwa mtandao.

Dada mmoja wa jamaa yetu aliondoka kama mkimbizi, sasa yuko Marekani na anafanya kazi katika nyumba ya wazee, kama wamama wengi wa kwetu walio huko. Nilimwuliza, kama angetafuta nyumba ya namna ile kwa ajili ya mama yake, angetazama nini. Nilidhani atasema vitanda na mashine. Alinitumia ujumbe mrefu wa sauti. Alisema: usiende siku waliyokupangia. Nenda wakati wa chakula, kaa uone kama wanaoshindwa kushika kijiko wanalishwa au sahani inaondolewa ikiwa imejaa. Tazama kucha za wazee. Tazama visigino. Tazama kama kikombe cha maji kiko mahali mkono wake unafika. Sikiliza wafanyakazi wanawaitaje: kwa majina yao, au "wewe". Nusa ukiingia. Na uliza usiku wanabaki wafanyakazi wangapi.

Nilipomaliza kusikiliza nilikwenda kwa mama mkwe, nikamtazama kucha. Zilikuwa ndefu, na kopo la maji lilikuwa juu ya meza upande wa pili wa chumba. Nyumba yake mwenyewe, na mimi mwenyewe ndiye niliyeliweka pale asubuhi.

Kuhusu kusahau, nitasema kidogo lakini kwa nguvu. Mzee anapouliza jambo moja mara kumi, anapomwita mjukuu kwa jina la ndugu aliyekufa, anapotembea usiku na kuzungumza peke yake, huo ni ugonjwa wa ubongo. Uko duniani kote, kwa matajiri na maskini. Si uchawi, na nabii wa kuitoa "roho" hataurudisha ubongo. Mwaka 2021, mwezi wa 9 peke yake, katika mkoa wetu wa Kivu ya Kusini, huko Kabare, Kalehe na Walungu, wanawake wanane walichomwa au kuuawa na makundi ya watu kwa kusingiziwa uchawi. Waliokuwa wakiwanyooshea kidole ni wale wanaojiita waonaji, bajakazi. Ukiwa na mzee anayesahau, kuchagua mahali pake ni pamoja na kuchagua majirani. Aishi mahali wanapomjua tangu akiwa na akili zake zote, na majirani wale waambiwe waziwazi: mama ana ugonjwa wa kusahau, mkimkuta njiani mleteni. Shoneni namba ya simu kwenye pindo la kitenge chake. Msibishane naye anaposema mzee wake anakuja jioni. Mpeni chai, asubiri.

Basi, sisi tulifanya nini? Kikao cha pili kilifanyika uwanjani kwa mama, na mtu wa kwanza kuulizwa alikuwa yeye. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema anataka kuwa mahali anapoona watu wakipita barabarani, na kwamba mabata yake yasiuzwe. Na kwamba akiondoka hapo, lupango litapata mwenye lingine. Hilo la lupango lilitunyamazisha, maana lilikuwa kweli. Tulikuwa tunazungumza juu ya kumtunza, naye alikuwa akilinda ardhi ya watoto wetu kwa kukaa tu juu yake.

Tukahesabu fedha tulizotumia kumpeleka Uvira, kumrudisha na kumtibu kidonda. Zilitosha kuchimba choo kipya hatua saba kutoka mlangoni, na nguzo mbili za kushika. Mlango wa chumba chake tuliuhamishia upande wa barabara. Tulinunua taa ndogo ya jua na chandarua kipya. Kuna mama mjane jirani, mtu mzima mwenye mikono ya upole, ambaye wanazungumza Kifuliiru na kucheka mambo ambayo sisi hatuyajui. Yeye anakuja kila asubuhi mpaka saa sita, anamwogesha na kumpikia, na tunamlipa dola 30 kwa mwezi. Mkubwa wa Uvira anatoa nusu, na dawa za tansio ananunua yeye. Wengine tunagawana inayobaki. Mimi ninakwenda jioni. Mlamu wa Luvungi anakuja Jumamosi mbili kwa mwezi ili nipumzike, na siku hizo nalala mchana bila kumwomba mtu radhi. Anayelala pale usiku ni kijana wangu wa miaka 15. Alinuna wiki moja. Sasa naona anachelewa kurudi asubuhi, kwa sababu koko anampa mayai ya bata.

Nisiwadanganye kwamba yote yamekaa sawa. Yule mdogo wa Lubumbashi alituma miezi mitatu, kisha akaacha, na kila mwisho wa mwezi bwana yangu anampigia simu wanagombana. Mama mjane naye miguu imeanza kumuuma. Na tunajua kwamba mama akifika siku ya kutoamka kabisa, mpango huu hautoshi, itabidi mtu alale chumbani kwake na awe mwanamke mzima. Tumekubaliana tutakaa tena kabla ya mvua za mwezi wa 9, tusingoje aanguke ndipo tuitane kwa haraka.

Nalirudia swali la yule mama wa sokoni, "Nimtume nani mwingine?" Juzi nilimfuata nyumbani na wamama wawili wa chama. Tulikaa na koko pia, ambaye masikio yake ni mazima kabisa na alikuwa na mengi ya kusema. Ana watoto sita walio hai. Wawili wako Kiliba, safari ya pikipiki tu, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mama yao haamki peke yake. Tuliwapigia simu pale pale, nikiwa nimeshika daftari na kalamu. Jumapili wanakuja. Binti anarudi darasani Jumatatu, na jirani mmoja amekubali asubuhi tatu za wiki mpaka watoto wale wafike kupanga. Tunatafuta mtu wa asubuhi mbili zilizobaki. Anayeweza aniambie Jumamosi, kabla hatujaanza kukusanya akiba.